Wewe ni saizi gani? Vile utajipima mwenyewe ndio nguo ikukae fiti

Kuna swali moja huulizwa kila siku, kuanzia Instagram hadi pale kwa meza za Gikomba: "Wewe ni saizi gani?" Na karibu kila msee huwa na jibu tayari mdomoni. Midiamu. 12. 34. Unajibu chap chap, unatuma doo kwa M-Pesa, kesho boda anafika kwa geti na kifurushi. Unavaa, zipu inapanda hadi katikati ya mgongo, halafu inagoma. Ukimpigia muuzaji anakukumbusha kitu alikuwa ameandika kitambo kwa ukurasa wake: ikishauzwa hairudi.

Hapo hakuna mtu amekuibia. Wewe na yeye mlikuwa mnabonga kuhusu namba ambayo kila mtu huielewa vyake. Dawa yake ni tepu, kalamu na dakika ishirini hivi ukiwa kwa keja yako.

Lebo haikujui

Hizi saizi za kwa lebo zina historia, na historia yenyewe ni ya mbali sana na mtaa wako. Mwaka wa 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000 ndio ipate vipimo vya kutengenezea nguo za viwandani. Ripoti ilitoka 1941. Vipimo vya wanawake ambao si wazungu viliwekwa kando, havikuhesabiwa. Mwaka wa 1958 serikali ikatoa kiwango rasmi cha saizi, kikitegemea sana hizo data, na mwaka wa 1983 ikakiondoa. Tangu hapo kila kampuni hujipangia yake. Nyingine zimekuwa zikipanua nguo polepole huku zikiacha namba ileile, juu mteja akiambiwa ameingia 10 badala ya 14 anafurahi na anatoa kadi.

Sasa chukua hiyo vurugu yote, ifunge kwa belo moja, uifungulie Nairobi. Kwa laini moja ya hanga unaweza kupata gauni ya Uingereza iliyoandikwa 12, ya Marekani iliyoandikwa 8, ya Ujerumani iliyoandikwa 38 na ya Ufaransa iliyoandikwa 40, na zote nne zilishonewa mwanamke wa mwili karibu sawa. Ongeza nguo za kutoka China ambazo XL yake inaweza kukubana kama midiamu. Kwa hivyo mtu akikuuliza saizi, mpe sentimita. Sentimita ni ileile Toi, Guangzhou na London.

Kabla hujashika tepu

Unahitaji tepu laini ya fundi wa nguo, ile ya sentimita 150, sawa na inchi 60. Usitumie ile ya chuma ya mjengo, haiwezi kuzunguka mwili. Kama tepu ni ya zamani, iweke kando ya rula kwanza. Tepu ikivutwa miaka mingi hurefuka, na itakudanganya kwa kila kipimo. Hauna tepu kabisa? Tumia kamba isiyovutika, weka alama na kalamu, halafu ipime kwa karatasi ya A4. Upande mrefu wa A4 ni sentimita 29.7, mfupi ni 21. Si njia ya kushonea suti ya harusi, lakini kwa kununua longi inatosha.

Cheki pia kitu kimoja huchanganya watu sana. Tepu nyingi zina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na mara nyingine upande mmoja unaanzia mwisho wa mwingine. Mafundi wetu wengi wamezoea inchi, wauzaji wa onlaini wanaandika sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hivyo kifua cha inchi 38 ni sentimita 96.5. Kila namba unayoandika, iandike na kipimo chake.

Vaa kitu chepesi kinachoshika mwili, si hudi. Kama ni gauni unapimia, vaa ile sidiria utaivaa siku yenyewe, juu sidiria ikibadilika kifua hubadilika na pia hushuka ama kupanda. Jipime kabla ya kula. Kiuno cha asubuhi na kiuno cha baada ya ugali na matumbo si kiuno kimoja, na kwa mamanzi wiki ya hedhi inaweza kuongeza sentimita kadhaa ambazo si zako za kawaida. Simama mbele ya kioo, pumua kawaida, achilia tumbo. Hakuna mtu anakupiga picha.

Kila kipimo kichukue mara mbili. Vikipishana zaidi ya sentimita moja, chukua mara ya tatu.

Kiuno ndio mwanzo wa kila kitu

Watu wengi wakisema kiuno wanamaanisha pale mshipi hukaa. Fundi akisema kiuno anamaanisha mahali pembamba zaidi pa tumbo, mara nyingi sentimita chache juu ya kitovu. Ukitaka kupajua, inama upande mmoja kama mti umesukumwa na upepo. Pale mwili unakunjika ndipo. Funga kamba nyembamba ama lastiki hapo, na uiache hadi umalize vipimo vyote. Urefu wa mgongo, wa sketi na wa msamba zote zinaanzia kwa hiyo kamba, na ukiitoa utakuwa unakisia.

Zungusha tepu juu ya kamba, iwe imelala sawa na sakafu mbele na nyuma. Kosa la wanaojipima peke yao ni tepu kushuka mgongoni bila wao kujua, kwa hivyo geuka kando uangalie kioo. Tepu iguse ngozi bila kuikata. Kidole kimoja kipite chini yake.

Kama ni longi za kuvaliwa chini ya kitovu, chukua kipimo kingine pale pale longi hukaa, na ukiite jina tofauti. Kwa wasee wengi hivi vipimo viwili vimepishana sentimita 5 hadi 10.

Kifua kipime pale kimejaa zaidi, tepu ikipita chini ya makwapa na juu ya mifupa ya mgongo. Inua mikono kuweka tepu, kisha ishushe kabla ya kusoma. Mamanzi waongeze kipimo cha chini ya matiti. Fundi akishona gauni ya kukatwa hapo bila hicho kipimo, anabahatisha.

Nyonga: hapa ndipo doo hupotelea

Simama miguu ikiwa pamoja, geukia kioo kwa upande, tafuta mahali makalio yametokeza zaidi. Huwa chini kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Tepu izunguke hapo. Kama una tumbo ama mapaja yanayotokeza kuliko makalio, pima hayo pia, juu nguo haijali kiungo kinaitwaje, inapita penye ni panene.

Sasa sikiza. Chati nyingi za saizi za wanawake zinadhani nyonga inapita kiuno kwa sentimita 24 hivi. Tuseme kiuno chako ni 74 na nyonga ni 108. Hiyo ni tofauti ya 34. Ukichagua gauni kwa kiuno, imeshonewa nyonga ya 98 na haitapita. Ukichagua kwa nyonga, itapita, lakini kiunoni itakuachia karibu sentimita 10 za hewa. Manzi wa hivi huishia kuamini mwili wake ndio una shida. Mwili wako uko sawa, ni ile chati haikuchorwa ukiwepo.

Cha kufanya ni kununua ya mahali panene na kupunguza kwingine. Kupunguza kiuno ni kazi ya kawaida kwa fundi yeyote wa mtaa: anaingiza mshono wa pembeni kidogo na kuongeza pensi mbili nyuma. Kuongeza nyonga kwa nguo iliyokwisha kukatwa kunategemea kama ndani ya mshono kuna kitambaa cha akiba, na nguo za viwandani huacha kidogo sana, mara nyingi sentimita moja tu kila upande. Machali wa gym mna tatizo hilohilo kwa mapaja. Pima paja pale panene, nunua longi ya paja, kiuno kipunguzwe.

Mabega ni kinyume. Koti ikikosea mabega, iache hapo kwa hanga hata kama ni kamera na bei imekuitikia. Kurekebisha bega la koti ni kuifungua mikono yote, na fundi mzuri atakuchaji hela ambazo ungeongeza kidogo upate koti nyingine.

Vipimo vya upweke

Kuna sehemu ambazo mkono wako hauwezi kufika ukiwa pekee yako, na ukijipinda kuzifikia kipimo kinaharibika. Kama kuna rafiki ama sista yako karibu, mwite. Kama hakuna, kuna ujanja.

Mabega: tafuta shati lako linalokukaa vizuri kabisa, lilaze kwa meza, pima kutoka mshono wa bega moja hadi wa lingine, ukipita chini kidogo ya kola. Hilo shati tayari lilikupimia.

Mkono: shikilia mwanzo wa tepu pale mfupa wa bega unaisha, ukunje kiwiko kidogo, pitisha tepu juu ya kiwiko hadi mfupa wa kifundo cha mkono. Ukipima mkono ukiwa umenyooka, shati litakuwa linapanda kila ukishika chuma cha mathree.

Urefu wa ndani wa mguu: chukua kitabu chenye jalada gumu, simama ukiegemea ukuta bila viatu, kiweke katikati ya miguu mgongo wake ukiangalia juu, ukivute hadi kiguse msamba, yaani pale miguu inakutana. Weka alama ukutani, toka, pima kutoka sakafu. Waendesha baiskeli hutumia njia hii kupata urefu wa kiti.

Kina cha msamba ni kipimo ambacho watu wengi hawakijui na ndicho kinaamua kama longi itakukata ukiketi. Kaa kwa kiti kigumu, mgongo wima. Pima ubavuni kutoka ile kamba ya kiuno hadi kwa kiti. Kama longi zako zote huteremka ukiinama ama hukubana hapo katikati hata kama kiuno ni sawa, shida iko hapa.

Gauni ndefu: vaa viatu vya siku hiyo. Pini mwanzo wa tepu juu ya bega karibu na shingo, iache ipite juu ya kifua ikishuka, soma mahali inagusa sakafu kwa kioo, kisha toa sentimita 2 ndio usiikanyage. Ukijipima peku halafu uvae visigino vya sentimita 10, gauni itaning'inia juu ya vifundo.

Shingo na kifundo cha mkono havina stori. Pima, acha nafasi ya kidole.

Nguo pia hupimwa

Kwa mtumba na kwa onlaini, vipimo vya mwili ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kupima nguo yenyewe. Ilaze mahali flati, funga vifungo, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Kama kifua chako ni 100 na shati linasoma 55, hiyo ni 110, una nafasi ya sentimita 10. Kwa shati la kitambaa kisichovutika, hiyo inakukaa karibu na mwili bila kukubana. Ukitaka ile luku ya kupwaya, tafuta 20 kwenda juu. Gauni ya kitenge ya kushika mwili inahitaji nafasi ya 5 hadi 8 kifuani na kwenye nyonga, na 2 hadi 4 kiunoni. Chini ya hapo utaweza kusimama lakini kuketi itakuwa noma. Kitambaa cha kuvutika ni sheria nyingine, nguo inaweza hata kuwa ndogo kuliko wewe na bado ikuvalike.

Longi ina lebo ya 32? Laza kiuno, pima. Ukipata 43, mara mbili ni 86, na hiyo ni karibu inchi 34. Hii hutokea sana kwa jinsi. Ndio maana wazoefu wa Gikomba hutembea na tepu mfukoni na hawasomi lebo hata kidogo.

Muuzaji wa onlaini mwombe vipimo viwili ama vitatu vya nguo ikiwa imelazwa. Ni kazi ya dakika moja. Akikataa, na mzigo haurudishwi, mimi singetuma doo.

Kutuma namba kwa fundi

Msimu wa ruracio na harusi, mabinti kumi wanatuma vipimo kwa WhatsApp kwa fundi aliye mji mwingine, na wiki ya mwisho gauni nne hazifungi. Mara nyingi kuna sababu mbili. Ya kwanza, kuna mtu alitoa inchi mbili kwa kiuno akisema atakuwa amepungua. Mshonee mwili uko nao leo. Ukipungua kweli, gauni itapunguzwa kwa nusu saa. Ya pili ni ujanja wa kuongeza: unaongeza sentimita 5 "ndio isinibane", fundi naye anaongeza nafasi yake ya kawaida, mnapata gunia. Tuma namba za mwili vile zilivyo na umwambie waziwazi, "Hivi ni vipimo vya mwili, nafasi weka wewe." Tuma pia tarehe ulijipima. Vipimo vya mwaka jana ni vya mtu mwingine.

Na hii ni ya mamanzi hasa, ingawa machali pia inawahusu. Hakuna fundi wala muuzaji anahitaji picha yako ukiwa na nguo za ndani ndio ajue saizi. Namba zinatosha. Akisisitiza picha, mblok na utafute mwingine, mafundi wako wengi. Vilevile ukienda dukani na mikono ya fundi inakaa mahali kwa muda ambao haihitajiki, una haki ya kusema utajipima mwenyewe, ama uombe fundi mwanamke. Fundi wa kazi hatakasirika. Unamwonyesha namba zako kwa simu, anaangalia, anaanza kukata.

Hizo namba ziweke kwa noti moja ya simu: kifua, chini ya matiti, kiuno, kiuno cha longi, nyonga, paja, mabega, mkono, urefu wa mgongo, msamba, ndani ya mguu, kila moja na sentimita na inchi zake. Jipime upya kila miezi sita hivi, ama mapema kama umeanza gym, umejifungua, ama umekuwa mgonjwa.

Na kama umenunua kitambaa chako mwenyewe pale Biashara Street, kitenge ama pamba yoyote, kiloweke kwa maji, kianike, kipige pasi kabla ya kumpelekea fundi. Pamba mpya huweza kurudi sentimita kadhaa kwa dobi ya kwanza, na ikirudi ukiwa umeshashonewa, vipimo vyako vyote vizuri vimeenda na maji.